Gari la Kimo cha Kizingiti

Goti langu la kulia halikunjiki tangu miaka ile ya hamsini, na anayeniuliza humwambia kuwa waliolivunja ni watu wawili. Mmoja alikuwa fundi wa majahazi, na huyo nimemsamehe. Wa pili ni mjomba wangu, ndugu wa mama kwa baba na mama. Jina lake sitaliandika, maana ana wajukuu wanaonipa mkono msikitini. Lakini ni yeye.

Mama alikaa mjini, kisiwani, na ng'ambo ya maji, Kililana, alikuwa na shamba la minazi alilorithi kwa babake, na mjomba ndiye aliyelisimamia. Nazi zilizovushwa kuja mjini zilipungua mwaka hata mwaka, mpaka zikawa za kutia mchuzini tu. Mjomba alisema minazi imekufa. Nilikwenda mwenyewe nikaiona, nikarudi kumwambia mama kuwa ni mizima na imebeba. Mjomba akaja nyuma yangu, akaketi dakani kwa mama, kwenye baraza ya mlangoni, akasema, "Dada, huyu anatafuta urithi nawe u hai."

Mama akatutazama wote wawili. "Nitaamini mato yangu," akasema. "Nisipofika kabla ya Ramadhani, basi nti hiyo na minazi yake ni ya ndugu yangu. Ndiye aliyehangaika nayo."

Mjomba akamshukuru haraka kuliko inavyofaa.

Macho ya mama yalikuwa mazima. Kibovu kilikuwa nyonga. Punda alikwisha kumwangusha, hakumtaka tena. Nikamwambia tutambeba kwa kitanda. "Nibebwe kitandani mimi? Watu watatoka madukani wanisomee Fatiha!"

Hapo ndipo lilipoingia gari. Mimi nilikuwa nakaa Mokowe, ng'ambo ya mji, na Mzungu mmoja aliyekuwa akilima upande wa kijiji cha Hindi alikuwa amerudi kwao, akaacha gari kuukuu la kabla ya vita chini ya mkwaju. Aliniambia nikiweza kuliondoa ni langu. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani, juzuu chache, na habari za magari nilizijua kwa uutingo wa Mombasa: kuzungusha hendeli, kutia maji, kutukanwa na dereva. Nililivuta kwa ng'ombe mpaka nyuma ya nyumba, nikalianza.

Vitini walizaana panya. Pistoni zilishikana na silinda. Nikazimwagia mafuta ya taa, nikangoja, nikamwaga tena. Gurudumu moja halikuwa na tyubu, nikajaza makumbi ya nazi. Viti nikaviwamba mikeka. Siku liliponguruma, mke wangu alitoka mbio akidhani ukuta umeanguka. Mjomba, aliyekuwa akipita kwangu kungoja mashua, hakutoka mbio. Alisimama, akauliza, "Na breki linazo?" Nikajiuliza breki zinamhusu nini.

Lakini gari lilikuwa refu kwenda juu. Nilipovuka kumwambia mama, alinionyesha kizingiti cha mlango wake. "Mguu wangu haupandi kupita hapa." Nikachukua uzi, nikapima toka chini mpaka juu ya kizingiti, nikafunga fundo. Sakafu ya gari lazima ishuke mpaka kwenye fundo.

Gari la namna ile linakalia springi za bamba, vyuma vilivyolaliana, vikubwa juu ya vidogo. Nilitoa bamba katika kila springi mpaka mwili wa gari ukashuka ukalingana na uzi. Nilifurahi. Kisha nikaona bolti zilizoibana springi kwenye ekseli zimekuwa ndefu. Nati zinafika mwisho wa meno na bado pana nafasi. Pale pa bamba palitaka kujazwa, na chuma sikuwa nacho.

Ndipo nikamwita fundi wa majahazi. Alitazama, akacheka. "Hiki nacho ni chombo, kimekosa tanga tu." Akachonga vibao vya mbambakofi, mti uliokuwa umelazwa kwenye matope ya pwani, akavigonga vikaingia, maji yakivitoka ubavuni. Nikakaza nati mpaka mkono ukauma. Ile ndiyo kazi ya mafundi wa majahazi: mti umekunywa bahari, umejaa, hauachi hata uzi kupita.

Nilitaka kumleta mama wiki ile ile. Mjomba akamwambia angoje mvua zipite. Zikapita. Akamwambia angoje Maulidi. Gari likakaa juani, maana banda la makuti lilikwisha kuezuliwa na upepo. Siku moja nikamkuta mjomba amelala chali chini yake, kanzu imejaa mchanga.

"Mjomba, wafanya nini huko?"

"Naokota tasbihi yangu."

"Tasbihi si hiyo shingoni?"

Akaishika, akacheka. "Alhamdulillahi, kumbe iko."

Nilikagua breki, nikakagua petroli, nikakagua usukani. Nilitafuta kilichoibiwa na kilichokatwa. Sikuona kitu.

Shaaban ilipoingia, mwezi wa kutangulia Ramadhani, nikamvusha mama kwa nguvu ya maneno. Aliweka mguu mmoja ndani ya gari, akaufuatiza wa pili, wala hakushika mkono wa mtu. "Kama mlangoni kwangu," akasema, akajikunja na buibui lake kiti cha nyuma. Ndia nzima alikuwa akinihimiza nisikimbize, na gari lenyewe lilikuwa likienda kama ng'ombe mzee.

Tulikuwa tumeliona shamba. Palikuwa na mteremko mdogo, mchanga mwekundu. Nikasikia kishindo nyuma, gari likaenda upande bila mimi kuligeuza, likaupiga mti wa mkoma. Injini ilirudi ndani, ikanikuta gotini.

Mama alikuwa mzima, ushungi umemwanguka. Mjomba alikuja mbio kutoka shambani. Nilikuwa bado nimebanwa, hakuna aliyeinama kutazama chochote, naye neno lake la kwanza lilikuwa, "Ni zile nati! Zilikuwa zazunguka kwa vidole!"

Nikasema, kwa maumivu yale, "Ulijuaje?"

Akageuka, akamwendea mama.

Baadaye fundi alikuja kunitazama nimefungwa vijiti mguuni. Alikwenda kwenye gari, akarudi na kibao kiganjani, kimenywea, kimepasuka. "Mti huu nimeuweka kama uwekwavyo wa baharini," akasema. "Sikukumbuka kuwa chombo chako hakiogi." Alilia, mtu mzima. Jua ndilo lililolegeza nati, hilo nalikubali. Lakini fundi hakujua, na mjomba alizishika kwa vidole vyake, akapangusa mchanga kwenye kanzu, akamwacha dadake apande.

Siku ile, kabla sijachomolewa, mama alikuwa ameketi chini mchangani, mgongo kwenye gurudumu la makumbi. Mjomba alimpa mkono ainuke. Hakuupokea. Alikuwa akitazama juu ya kichwa cha nduguye, mbele, mnazi mmoja baada ya mwingine, makole ya nazi yameinama kwa uzito.

"Ndugu yangu," akasema, "hiyo ndiyo iliyokufa?"

Shamba ni letu mpaka leo. Naenda kwa punda, mguu mmoja umenyooka mbele.