Nguo Aliyoifumua Silvesta

Mwaka 1983 ukiingia duka la kijiji hapa kwetu Masumbwe ulikuta ndoo mbili za plastiki, majembe matatu, na mwenye duka amejikalia tu. Kitambaa hakikuwepo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka minne nyuma, lakini nguo zilikuwa bado hazijarudi. Watu walivaa kiraka juu ya kiraka. Nawajua dada wawili waliokuwa na gauni moja la kanisani. Mmoja alikwenda nalo misa ya kwanza, akarudi mbio kumvulia mwenzake aende misa ya pili. Walio hai walijisitiri hivyo hivyo. Shida kubwa ilikuwa ya wafu, maana hatukuzoea kumzika mtu bila sanda nyeupe.

Ndipo watu walipomkumbuka Silvesta Mihayo.

Silvesta alikuwa na miaka kama sitini. Alikuwa Msumbwa, mtoto wa mfumaji na mjukuu wa mfumaji. Kufuma nguo za pamba kulikuwa kazi ya wanaume zamani. Wanawake walisokota uzi. Marekani, kile kitambaa cheupe cha dukani, ilipokuwa tele, kazi hiyo ilikufa, na Silvesta akazipandisha darini zile fito za kufumia za baba yake. Sasa alizishusha, akazipangusa masizi, akazifunga kwenye vigingi chini ya kivuli cha paa nyuma ya nyumba. Akatandaza mtande, yaani zile nyuzi za urefu, akakaa chini, akaanza kupitisha mshindio, uzi wa kukatiza, kati yake, safari moja kulia, safari moja kushoto, na kila mara anagonga kwa ubao wa mti mgumu ili nyuzi zikae pamoja. Mkewe Febronia alikaa mbele yake na kikapu cha pamba, akimsokotea, kama alivyokuwa akifanya tangu alipoolewa, kabla fito hazijapanda darini.

Kwa miezi michache Silvesta akawa mtu mkubwa. Watu walitoka hadi Ushirombo kumfuata. Akitembea kwenda kanisani, wazee walisimama kumsalimu. "Mwangaluka, fundi," walimwambia, naye akaitikia polepole, kama mtu aliyezoea.

Jambo moja hakulisema kwa mtu yeyote: macho yake yalikuwa yakiingia ukungu. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho. Binti yake, Salvina, aliyeolewa Kahama, ndiye aliyeligundua. Alikuja kusalimia, akamwona baba yake anapapasa meza akitafuta kijiko kilichokuwa mbele yake. Hakusikiliza maneno. Akampeleka hospitali ya Kolandoto akapasuliwe.

Wakati huo kwenye fito kulikuwa na nguo ya Mayu Melania. Huyu alikuwa mama mzazi wa Jilala, rafiki wa Silvesta tangu walipokuwa wakichunga pamoja. Alikuwa bibi kikongwe, mgonjwa, na alitaka kitu kimoja tu: aione sanda yake kwa macho yake kabla hajafa. Silvesta alikuwa amefuma dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Akamwambia Febronia, "Hii isiguswe mpaka nirudi. Wiki mbili tu."

Zikawa wiki tano.

Aliporudi alishuka Masumbwe na miwani minene usoni, na dunia imekuwa mpya. Aliona majani kwenye miti ya mbali. Aliona mikunjo kwenye mikono yake mwenyewe, ikamshangaza. Pale stendi alimkuta Mwanaima, mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi.

"Shikamoo, mzee Silvesta. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuwa nakungoja nikushukuru. Ile sanda ya marehemu baba ilisifiwa na kila aliyeishika. Hata kipande kilichobaki nimekitunza." Akafungua kikapu chake. Maandazi alikuwa ameyafunika kwa kitambaa cheupe, urefu wa mkono.

Silvesta alikishika, akakiinua kwenye mwanga. Nyuzi zilikuwa zimelala sawa kama nywele zilizochanwa. Pindo lilikuwa limenyooka. Nguo zake yeye, na za baba yake pia, zilikuwa zikibana katikati kidogo kama kiuno cha nyigu. Wafumaji wote wa ukoo wao walikuwa na kasoro hiyo.

"Hii mliichukua lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Mama Salvina alituambia uliiacha tayari."

Silvesta akamrudishia kitambaa chake. Njia nzima hadi nyumbani hakumsalimu mtu.

Febronia alitoka mbio kumpokea, akampokonya mfuko, akaitazama miwani yake, akacheka. Yeye akampita. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akazipita fito nyingine mpya zilizofungwa kando, akainama juu ya nguo ya Mayu Melania. Pale mwanzo ilikuwapo ile dhiraa yake moja. Kwa jicho jipya akaiona ilivyo: uzi umeruka hapa, umerundikana pale, pindo linayumba. Baada yake zilifuata dhiraa saba za mkono mwingine. Ungesema ni mpaka wa shamba la mvivu na shamba la mtu anayejua kulima. Ilibaki kidogo tu iishe.

"Nani kafuma hii?"

"Mimi," Febronia akasema.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Miaka yote uliyofuma nimekaa mbele yako nakusokotea uzi. Ulidhani nilikuwa natazama nini?"

Silvesta akapitisha kidole kwenye pindo. Kisha akauliza lile alilokuwa akiliogopa tangu stendi. "Na zile za kabla sijaondoka?"

Febronia aliangalia pembeni. "Nilikuwa nazirekebisha kidogo. Ukienda malishoni."

Basi akajua. Wale wazee waliosimama kumsalimu walikuwa wakiisimamia, bila kujua, kazi ya mkewe. Sifa zote alizozibeba mwaka ule, mwenye sifa hizo alikuwa amekaa kimya jikoni, akizisikia, asiseme neno. Laiti angejisifu, Silvesta angepata pa kumgombeza. Laiti angeharibu. Usiku ule alikula kidogo akasema amechoka na safari. Wivu ulimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Kila akimeza, upo.

Alfajiri Febronia alikwenda kisimani. Silvesta akatoka, akakaa chini mbele ya ile nguo, akaukata ule uzi wa mwisho, akaanza kufumua.

Kufumua nguo si kuchana. Unautoa mshindio safari kwa safari, kulia, kushoto, kama unavyouweka. Febronia aliporudi na mtungi kichwani, dhiraa nzima ilikuwa imekwisha kuwa kibonge cha uzi pembeni ya goti la mumewe.

"Baba Salvina! Unafanya nini? Mayu Melania hana siku nyingi!"

"Nguo hii niliiahidi mimi. Itakuwa ya mkono wangu."

"Jilala alipita Jumapili. Nimemwambia kesho kutwa."

"Nani alikutuma umwambie?"

Febronia aliushusha mtungi. Halafu akachukua kikapu chake cha pamba, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waoane Silvesta kufuma bila mtu mbele yake.

Alifumua siku mbili; Jilala alipotuma mtu kuichukua nguo, akaambiwa bado kidogo. Kisha akaanza upya, na ile miwani ikawa adui. Zamani alikosea asione. Sasa aliona kila kosa. Alifuma upana wa vidole vitatu, akafumua viwili. Mikono ilikuwa ya zamani ingawa jicho lilikuwa jipya. Kila alipogonga ubao alisikia upande wa pili wa nyumba Febronia amenyamaza, akajua anahesabu mapigo, na anajua lipi limekwenda kombo. Angeweza kumwita. Jina lilimfika mdomoni mara nyingi siku zile, akalirudisha.

Siku ya sita, asubuhi, kilio kilitoka nyumbani kwa Jilala.

Nguo ilikuwa dhiraa tatu. Haikumfunika hata mtoto wa shule. Wanawake wa kwa Jilala walifumua mshono wa magunia mawili ya pamba, wakayafua haraka, wakayaunganisha. Walimzika Mayu Melania humo. Wino wa chapa ya magunia ulikuwa haujatoka, na alipoteremshwa kaburini sote tuliona herufi za bluu zimepita ubavuni mwake.

Baada ya padri kumaliza, Jilala alimgeukia Silvesta mbele ya watu. Hakuwa na hasira, alitaka tu kuelewa. "Rafiki yangu, Jumapili ile niliiona kwa macho yangu. Ilibaki kama dhiraa moja. Ilikuwaje?"

Silvesta alifungua mdomo. Febronia akamtangulia. "Panya, shemeji. Panya walikata mtande. Tusamehe."

Watu wakatikisa vichwa; panya walikuwa wengi mwaka ule. Silvesta alipaswa kushukuru. Badala yake, kama alivyomwambia mama yangu baadaye, alisikia wivu ule ule ukimchoma tena. Hata uovu wake mkewe aliweza kuurekebisha, na kwa mkono mwepesi kuliko wake.

Matanga yalipovunjwa alikwenda kwa Jilala peke yake.

"Hakukuwa na panya," akasema. "Niliifumua mimi."

"Uliifumua kwa nini?"

"Aliifuma Febronia. Ilikuwa nzuri kuliko zangu."

"Mama alikuwa akiniuliza kila asubuhi," Jilala akasema. "Nikamjibu, tulia, Silvesta amerudi, tena na macho mapya. Akafurahi." Kisha akasema, "Nenda nyumbani kwako." Misimu miwili ya mvua ilipita Jilala asimsalimu.

Silvesta alirudi, akasimama mlangoni. "Mama Salvina, kaa wewe kwenye fito."

"Sikai mahali ambapo mtu atanifumua."

"Sitafumua."

Hakukaa siku ile, wala wiki ile. Alimwacha angoje. Alipokaa, hakukuwa na wa kumsokotea, kwa hiyo Silvesta akachukua kikapu. Mwanaume mzima wa Kisumbwa anasokota uzi! Watu walipita makusudi ili wacheke. Uzi wake wa kwanza ulikuwa na vinundu kama mgongo wa mamba; Febronia aliushika, akamtupia, akasema, "Rudia." Akarudia.

Nguo za dukani zilirudi baadaye kidogo, na mitumba nayo ikaja, lakini Febronia aliendelea. Alifumua masweta makuukuu akapata nyuzi za rangi, akafuma vitambaa vya altare na nguo za kubatizia watoto. Jilala mwenyewe alikuja kuagiza moja ya mjukuu wake. Aliagiza kwa Febronia. Kwa Silvesta aliomba tu asogee kidogo, anamzibia Febronia mwanga.

Usidhani wivu ulimwisha. Mtu akianza kumsifu mkewe, yeye alikumbuka ng'ombe, akatoka. Na kila nguo ilipokatwa kwenye fito aliibeba mpaka juani, akavaa miwani, akaikagua uzi kwa uzi. Akipata kosa, hata moja, aliita kwa sauti: "Mama Salvina! Njoo uone hapa!" Siku hiyo alikula ugali wote na akaongeza.

Mama yangu aliwahi kumuuliza Febronia kama makosa yale alikuwa akimwachia makusudi, apate furaha yake.

"Aa, wapi," Febronia akajibu, na hakuinua kichwa kwenye kazi yake. "Siwezi kuharibu nguo ya watu kwa ajili ya mtu mmoja. Nakosea kama anavyokosea mwingine. Tafadhali nisogezee huo uzi."