Uso Wako na Kibuyu cha Uji

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya kwetu Wamagana, Nyeri, imekaza na ukungu umelala juu ya mashamba ya chai kana kwamba haukusudii kuondoka. Siku hiyo nyanya yangu aliniuliza swali ambalo nimelibeba tangu ujana bila kujua uzito wake. Nimekuja kuujua wiki iliyopita tu, na tangu hapo sijatulia. Nimewasimulia majirani hapa Gatitu, nimemsimulia kinyozi, nimemsimulia mama wa mboga akiwa na wateja wake wamesimama foleni. Sasa ni zamu yako, kwa hiyo vuta kiti.

Nilikuwa kijana wa kuoa. Nilikuwa nimempata Nyawira, binti wa Murang'a niliyekutana naye kwenye harusi ya binamu yangu, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kwamba Jumamosi twende kwao kujijulisha. Kwetu ziara hiyo ya kwanza si ya kuzungumza mahari. Ni ya kuonana. Shangazi za msichana hukaa wakakutazama kuanzia utosini hadi kisiginoni, na walichokiona ndicho kitakachozungumzwa jikoni mkishaondoka. Nami kidevu na mashavu yangu yalikuwa yamejaa chunusi.

Hapo akili ya ujana ikanijia. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mtoto yeyote wa kwetu Tetu anajua kwamba ukimaliza kukamua, chuchu za ng'ombe huchovywa kwenye dawa ili asipatwe na ugonjwa wa kiwele. Nikawaza, ikiwa dawa hii inamlinda ng'ombe anayelala kwenye matope, chunusi za mtu anayelala kitandani zitaiweza wapi? Dawa ya moto ni moto. Nikaichukua chupa zizini, nikajipaka uso mzima, nikausugua kwa kipande cha gunia, kisha nikamalizia na sabuni ya kufulia. Unacheka? Cheka tu. Wewe bafuni kwako kuna chupa ya kuchubua, chupa ya kukausha na chupa ya kung'arisha, na hata ng'ombe huna.

Mara ya kwanza uso ulikaza ukang'aa, nikajiona kijana wa maana. Basi nikawa nafanya hivyo asubuhi na jioni. Ilipofika Alhamisi ngozi ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na upepo ukinipiga shavuni machozi yananitoka. Na zile chunusi hazikwenda popote. Zilikuwa zimeita jamaa zao.

Nikaenda jikoni kwa nyanya yangu, tuliyemwita Cucu kama wafanyavyo watu wa kwetu, nimwombe awaambie wazee ziara iahirishwe. Nilimkuta anamimina uji. Huenda wewe hujauona uji wa zamani ukitengenezwa, kwa hiyo nikueleze. Unga ulikorogwa na maji ukatiwa kibuyuni, ukaachwa mpaka uchache, ndipo ukapikwa. Kibuyu chenyewe hakikuguswa na sabuni hata siku moja. Kilisuuzwa kwa maji, masalia kidogo yakabaki ndani, na masalia hayo ndiyo yaliyouchachua uji wa kesho. Mwanamke angeweza kukuazima jembe lake, hata shuka lake, lakini kibuyu chake cha uji alikilinda.

Cucu alinitazama, akauliza nimejipaka nini. Nikamwambia. Nilitarajia acheke au anihurumie, lakini hakufanya lolote kati ya hayo. Alikichukua kibuyu akanikabidhi.

"Enda uoshe hii kibuyu na hiyo dawa yako ya ng'ombe," akasema.

"Cucu, uji haitachacha tena."

"Kwa nini?"

"Si ile imebaki ndani ndiyo huchachua ile ingine. Ukiiua, ile unga utaweka itaoza tu."

Akanishika kidevu, taratibu kwa sababu aliona kinaniuma. "Na nani alikuambia uso yako ni tofauti na kibuyu? Hapo kuna kitu inakaa, inakuchunga. Mimi siioni, lakini najua iko. Umeifukuza, halafu unashangaa ati wezi wameingia."

Nilikasirika, sitakuficha. Nilikuwa nimefuata huruma nikapewa kibuyu. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilikuwa tayari limeshavunjika, basi nikatii. Cucu alinikataza sabuni, gunia na chupa ya zizini. Akaniamuru ninawe kwa maji ya uvuguvugu na viganja vyangu tu, nijikaushe kwa kubonyeza kitambaa safi bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu nipake mafuta kidogo mno ya mbarika aliyoyakamua mwenyewe. Ziara hakukubali iahirishwe. Aliuliza wazee wapeleke ujumbe gani Murang'a, ati kijana amejiosha kama ng'ombe?

Jumamosi ikafika, na uso ulikuwa umepoa lakini haujapona. Ngozi haikimbizwi, mwanangu. Njia nzima nilikuwa na hofu moja tu. Niliogopa kwamba watu wa Nyawira wataniona wadhani nina ugonjwa, tena labda wa ukoo, na kwamba watamkataza kwa heshima zote, nami nimkose kwa sababu ya upumbavu wa wiki moja. Nilimpenda sana. Hofu hiyo ilinichoma kuliko dawa ilivyonichoma mashavu.

Tulikaribishwa, mimi, wazee wetu na Cucu, tukaketi, sala ikaombwa. Shangazi mkubwa wa Nyawira, mwanamke mrefu mwenye kilemba cha buluu, alikuwa amenikodolea macho tangu mlangoni. Baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusifu mvua ya Murang'a alipokatizwa.

"Samahani, wazee," shangazi akasema. "Huyu kijana yenu ako na ugonjwa ya ngozi? Tuambiwe mapema."

Baba mdogo akakohoa akitafuta maneno ya kiutu uzima, na mimi nikaona akiyapata tutakuwa tumekwisha. Nikasimama.

"Sio ugonjwa, mama," nikasema. "Nilitaka nikuje hapa nikiwa msafi, nikajiosha uso na dawa ya ng'ombe."

Baba yake Nyawira alikuwa mfugaji. Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na punde alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa kofia yake. Wazee wakamfuata. Aliyebaki bila kucheka ni shangazi. Aliziba mdomo kwa mkono akageuka kutazama mlango wa jikoni, na hapo hapo Nyawira akatokea amebeba uji wa wageni, leso ameivuta mpaka chini ya macho. Alianza na wazee, akafika kwangu. Alipoinama kunimiminia, leso ikateleza.

Mashavu yake, mwanangu, yalikuwa yanabanduka kama yangu.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyemsugua wiki nzima, kwa jivu na sabuni ya kufulia, eti binti ang'ae mbele ya watu wa Nyeri. Tulitazamana mimi na Nyawira, kila mmoja na uso wake ulioharibiwa kwa ajili ya mwenzake, tukacheka mpaka uji ukamwagika kwenye kiatu changu. Hakuna aliyeuliza tena habari za ugonjwa. Shangazi alikuwa wa kwanza kusema kwamba watoto hawa wameshapatana, wazee waendelee na kazi yao.

Kabla hatujaondoka, Cucu alitoa kibuyu alichokuja nacho, kile kile, akamwekea Nyawira mikononi. "Hii usioshe na sabuni," akamwambia. "Na uso pia usiisumbue."

Sasa sikia kilichonirusha kitini wiki iliyopita. Mjukuu wangu Wairimu anasomea uuguzi mjini Nyeri. Alikuja kutusalimu, akaanza kunieleza alichofundishwa, kwamba juu ya ngozi ya kila mtu mzima wa afya wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wengi wao si adui. Wanakula mafuta na jasho letu, wanakalia nafasi zote, na wale wabaya wakija wanakuta hakuna pa kuketi. Sabuni kali na kusugua sana huondoa mafuta, huwavuruga walinzi hao, na ngozi ikapata nyufa. Mpaka hapo nilikuwa nasikiliza kama babu mwenye adabu. Kisha akasema, kama jambo dogo tu, kwamba ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na baadhi ya viumbe hao wanasaidia kuutunza.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

"Ni chachu kidogo, Guka. Na hiyo sabuni kali inaharibu huo uchachu."

Niliinuka bila bakora. Nilikwenda jikoni nikakileta kibuyu nikamwekea mapajani, nikamsimulia yote haya huku Nyawira akinisahihisha kila mahali. Furaha niliyokuwa nayo sijui nikuelezeje. Cucu hakuwahi kuona darubini maishani mwake, na mjukuu wangu hajawahi kuchachua uji, lakini wamekutana kwenye kidevu changu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ni kweli. Wangeongeza tu kwamba kikulindacho nacho ki ngozini mwako. Na kwetu tunasema kikundi kidogo huinua kinu. Hebu waza vinu wanavyoinua hao waliojaa hapo shavuni mwako sasa hivi, nawe unawatafutia chupa ya kuwaua.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Sikuambii ukae mchafu, usije ukanisingizia kwa mama yako. Mikono ioshe kwa sabuni kabla ya kula na ukitoka chooni, makwapa na miguu vilevile, maana huko jasho halina mchezo. Lakini uso uutendee kwa upole. Maji ya uvuguvugu, si ya moto hata kama ni mwezi wa saba na baridi inakata mifupa. Sabuni kama ni lazima, basi iwe laini isiyo na manukato makali, na ukimaliza kunawa ngozi isikukaze, kwa maana ngozi inayokaza inalalamika. Paka mafuta au losheni mapema, kabla unyevu haujakauka. Ukitaka kujaribu kitu kipya jaribu kimoja, ukipe muda, na kikikuwasha kiache. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mkorogo wa kung'arisha usiuguse kabisa. Na chunusi zikikuzidi, au ngozi ikikuuma au ikitoa usaha, nenda ukaonwe na daktari, wala usipitie zizini.

Kibuyu kile bado kiko jikoni kwetu. Kimepata ufa shingoni tukakishona kwa uzi, na mpaka leo unga tunaoutia usiku tunaukuta umechacha, kwa sababu hakuna aliyewafukuza waliomo. Asubuhi hii Nyawira alinimiminia kikombe, akanipapasa kidevu kama afanyavyo, akauliza kama nimeoga na ile ya ng'ombe. Mashavu yake yana mikunjo sasa, na ni laini kweli.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuhifadhi, wewe na hao wadogo wanaokulinda bila kukudai shukrani. Akupe atakayekucheka kwa upendo siku uliyojiharibu, na siku ya kwenda kuonwa na watu, akujalie ujasiri wa kwenda na uso wako mwenyewe.