Likizo Iliyoishia Ziwani

Mdogo wangu wa kike alipopata likizo yake ya kwanza kutoka kazini Uarabuni, alikaa nasi siku chache tu pale mtaani Ziwani, Nairobi, kabla hajaniambia kwamba nimezeeka. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha Mama, akinitazama nikimgeuza ubavu, mkono mmoja chini ya bega na mwingine kiunoni, kama nilivyofanya kila siku tangu kiharusi kimlaze.

"Dada, umeisha," akasema. "Lazima nikutoe hapa."

Nilidhani atanipeleka mjini tukale samaki. Kumbe alikuwa amekodi gari la kulala, lenye kitanda, jiko la gesi na kabati ndani, twende Amboseli tukaone ndovu.

Wakati huo nilikuwa namwosha Mama alfajiri, namlisha uji, kisha nakimbilia soko la Gikomba kwenye kibanda changu cha nguo za watoto. Mchana narudi kumgeuza, halafu kibandani tena. Ikifika jioni mteja akiniuliza bei, nilikuwa namjibu na papo hapo nasahau nimesema nini. Mtu akichoka hivyo, hata kufurahi huona ni kazi. Lakini mdogo wangu alikuwa anang'aa kwa mpango wake, nikakosa moyo wa kukataa.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu tuliyemzoea tangu utotoni, alikubali kukaa na Mama.

"Nenda, mwanangu," akaniambia. "Nikishindwa nitakupigia."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyosafiri nayo.

Tulishika barabara ya Mombasa, yeye akiendesha. Nililala kabla hatujafika Mlolongo. Akaniamsha nione swara, nikawaona. Akaniamsha tena Emali tunywe chai. Alikuwa na mengi ya kunisimulia baada ya miaka ya kuzungumza kwa simu, na kila nilipofumba macho alinyamaza katikati ya sentensi. Nilimsikia akinyamaza, lakini macho hayakufunguka.

Mbugani vumbi lilitutangulia kila mahali. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umejifunika mawingu. Tulipofika kambini nilishika sufuria kwa mazoea, nikasonga ugali kwenye jiko dogo, kichwa kikigonga kabati kila nikiinuka. Kisha nikaosha vyombo. Mdogo wangu alipiga picha za machweo. Simu yangu haikuwa na mtandao, nikawa naitoa mfukoni na kuirudisha.

Kulipopambazuka nilishtuka mikono yangu iko chini ya bega lake, namgeuza. Akafungua macho, akanitazama.

"Ni mimi, dada," akasema.

Tulikunywa chai bila kuzungumzia jambo hilo, kisha akaendesha hadi kwenye kinamasi. Ndovu walikuwa ndani ya maji, wakubwa kwa wadogo, wanang'oa majani na kujirushia tope. Najua hivyo kwa sababu ndivyo alivyonisimulia. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti. Akanitikisa.

"Ndovu ndio hawa, na wewe umelala. Nimekuleta mbali hivi uje ulale?"

"Sikukuomba ndovu," nikamwambia. Sikuwa hata na nguvu ya kukasirika. "Ningekuwa wa kuomba, ningeomba ushike zamu yangu kwa Mama. Nilale kwangu, mlango umefungwa."

Akazima injini.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Akarudisha mikono juu ya usukani. Aliponena, alikuwa akitazama mbele.

"Kule kwa waajiri wangu, wakichoka wanapakia gari kama hili wanaenda jangwani. Mimi nawapikia, naangalia watoto. Wakirudi nyumbani nyuso zao zimenawiri. Nikajiambia, nikifika nyumbani dada yangu ataipata hiyo raha." Akafuta pua kwa kiganja. "Sijui hata inafanywaje. Kile kitanda chao sijawahi kukilalia. Mimi nalala kwa hema, pamoja na vyombo."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwona kama aliyeponyoka, na mimi kama niliyebaki. Nikamshika mkono nikamvuta nyuma ya gari, tukajilaza kwenye kile kitanda, viatu tumevaa, madirisha yamefunguliwa kidogo. Tulipoamka kinamasi kilikuwa kitupu na jua limeinama.

Kesho yake tukarudi mapema kuliko tulivyopanga. Mama alikuwa mzima, amesukwa nywele. Siku za kukodi gari zilikuwa hazijaisha, basi mdogo wangu akaliegesha mbele ya nyumba, akanipa funguo.

"Lala humo. Mama niachie mimi."

Asubuhi ya kwanza nilimsikia Mama akilalamika kwamba maji ni ya moto. Nikainuka, nikafika mlangoni pa nyumba. Mdogo wangu akatoa kichwa tu.

"Rudi, dada."

Nikarudi. Nililala hadi adhana ya adhuhuri. Watoto wa mtaa walikuwa wanagonga kioo.

"Auntie, hii gari iko na TV?"

"Haina."

Wakaenda zao, nami nikalala tena. Kibanda kilibaki kimefungwa na sikukiwaza. Nililala hivyo mpaka gari likarudishwa kwa mwenyewe.

Likizo yake ilipokwisha nilimsindikiza uwanja wa ndege, na zamu zote zikarudi kwangu. Lakini kabla hajaondoka alikuwa amepanga na jirani awe anakaa na Mama kila Jumapili mchana. Saa hizo mimi hufunga mlango wa chumba changu. Siku nyingine usingizi hauji, najilaza tu, nawasikia watu wakitoka kanisani.