Ya Kambini Hayasemwi

Nilimsalimia kwanza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kocha amemkalia mwanangu kiunoni, mtoto amepigishwa msamba, mguu wa mbele juu ya tofali, wa nyuma juu ya tofali, na mimi nimesimama mlangoni mwa darasa nasema, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia marahaba bila kunyanyuka.

Mwanangu ana miaka saba. Hakuwa analia. Aliangalia ukuta, midomo inacheza. Nilijua anahesabu hadi mia mbili, kwa sababu na mimi nilihesabishwa hadi mia mbili, na ukikosea unaanza upya.

"Damu yako hii," kocha akasema. "Wenzake wote wamelia, yeye kimya."

Nikamwambia ashuke. Akacheka, akadhani natania.

"Shuka juu ya mwanangu, au nikushushe mimi mbele ya hawa watoto."

Sikupaza sauti. Sikusikia kitu chochote mwilini. Akashuka. Nilimbeba mtoto mgongoni mpaka nyumbani Likombe maana miguu ilikuwa haimshiki, na njiani akaniuliza kama nimemharibia nafasi yake ya kambi. Kambi ilikuwa inaanza Jumatatu ya likizo: wasichana kumi na wawili, wiki mbili Naliendele, wanalala hukohuko chini ya yuleyule. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Mtu ataniuliza, ulimjua, ulimpelekaje mtoto? Sikumpeleka. Kocha alianza kufundisha mazoezi ya viungo shuleni kwao jioni, akamwona anapinduka uwanjani, akamchukua. Baba yake, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, akafurahi sana, akawa anaonyesha wenzake picha kwenye simu. Mimi nikanyamaza. Nilijiambia siku hizi kuna magodoro.

Sisi hatukuwa na magodoro. Nilianza kwake na miaka tisa, kwenye ghala, tunarukia magunia yaliyojazwa maranda. Msimu wa korosho ukifika ghala linajaa mzigo, tunatolewa nje, tunarukia mchanga. Nilikuwa hodari. Sijisifu, ni kama mtu kusema ana urefu fulani. Nilipofika kumi na nne nikaitwa timu ya taifa, nikapanda ndege mara tatu. Ukiniuliza nilikwenda wapi nitakuelezea kumbi, si nchi. Zote zilikuwa baridi. Kuna ule mti mwembamba wa kutembelea, upana wake kama kiganja. Nilikuwa napinduka kinyumenyume juu yake na kusimama, watu wanapiga makofi, mimi nawaza ubwabwa. Chakula alitupimia yeye. Ndizi moja asubuhi, wali wa kujaa ngumi jioni.

Siku ya kwanza ya kila kambi alitukalisha chini.

"Hapa ni unyagoni," anasema. "Mnajua wenyewe. Ya huku hayasemwi nyumbani."

Hakuwa mtu wa huku, alikuja kwa kazi tu, lakini alijua pa kushika. Mtoto wa Kimakonde neno hilo humwambii mara mbili. Na mama zetu vilevile. Mama yangu ananiona nashika ukuta nikienda chooni, anageuza uso, kwa adabu. Mzazi haulizi mwali amefundishwa nini.

Nikafika miaka kumi na saba sijavunja ungo. Wasichana wa mtaani kwetu walikuwa wameshachezwa unyago zamani, wawili wameshaolewa. Bibi akaja kutoka kijijini kudai na mimi nichezwe hivyohivyo, mama akamjibu kwamba huyu kocha wake ameshamweka ndani. Alisema kwa nia njema kabisa. Kocha naye alifurahi, akaniambia Mungu kanipendelea mwili mwepesi. Mgongo uliponishinda alinifunga bendeji, nikaingia kushindana. Miaka baadaye daktari alinionyesha kwenye picha ufa wa pingili ya chini, akauliza niliangukia nini. Nikasema sikumbuki.

Nilipofika kumi na tisa waliniacha kikosini. Mwezi wa nne tangu niache mazoezi, hedhi ikaja. Mwaka haujaisha nina mimba. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi ya kambini sikumwambia mtu, hata baba mtoto.

Sasa jioni ile namwogesha mtoto maji ya moto, mapaja yamevimba, baba yake anasema mwalimu ni mtu mzima, tukaongee naye taratibu. Nilitaka kumweleza yote. Mdomo ukagoma. Nilikuwa na mtoto wa miaka saba na zaidi ya miaka kumi ya kukaa kimya, na kilichonizuia ni kilekile alichotuambia kocha tukiwa tumekaa chini.

Kwa hiyo asubuhi sikwenda shule wala polisi. Nilikwenda kwa nyakanga, yule mama anayewacheza wasichana unyago upande wetu, kumuuliza kama naruhusiwa kusema. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikampa shikamoo, nikachuchumaa, nikamweleza kila kitu huku naangalia maganda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema, na niliyasema kama mtu anayesoma bei za sokoni.

Akauliza, "Huyo mwanaume ndiye aliyekucheza?"

"Ndivyo alivyosema, bibi."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mwanaume! Akucheze unyago! Na wewe umesoma mpaka fomu foo."

Kisha akaacha kucheka. Akasema mwali ana siku yake ya kutoka, anaogeshwa, anavalishwa, ngoma inapigwa, mji mzima unamwona.

"Wewe ulitolewa lini?"

Nikasema sikutolewa.

"Basi hukuwekwa ndani. Ulifichwa. Nenda kaseme, tena kwa wenye ofisi, mimi nina mihogo."

Ofisini kwa ofisa elimu, dada wa mapokezi aliniambia mambo ya shule yaanzie shuleni. Nikamwambia nitakaa hapo mpaka jioni, na kesho. Akanipa karatasi. Alipoona naandika upande wa pili akanishauri niandike ya mtoto tu, dada yangu, hayo yako ni ya zamani. Nikaendelea kuandika. Barua iliyopokelewa ni hii, nimeondoa majina tu:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KOCHA WA MAZOEZI YA VIUNGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi wa darasa la pili. Pia nilikuwa mchezaji wa timu ya taifa chini ya kocha huyuhuyu. Jumatano jioni nilimkuta amemkalia mwanangu kiunoni akiwa kwenye msamba juu ya matofali mawili. Mimi alinifanyia hivyo kwa miaka kumi. Alitunyima chakula. Alinishindanisha nikiwa na mgongo uliopasuka, picha ya hospitali nimeambatanisha. Alitukataza kusema nyumbani na sisi tulitii. Mwanangu haendi kambini. Naomba na wale kumi na mmoja wasiende mpaka kocha ahojiwe, na wao waulizwe mmoja mmoja, na mwanamke, yeye akiwa hayupo. Nikiitwa nitakuja na kuyasema haya mbele yake.