Mtungi wa Koma

Nilipokuwa na miaka tisa, Jumamosi moja saa nane mchana, paa la makuti la nyumba yetu ya Tezo lilishika moto. Mdogo wangu Karisa, mtoto wa miaka miwili, alikuwa amelala ndani.

Kando ya mlango wetu palikuwa na mtungi wa maji ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Bibi yetu, tuliyemwita Hawe, alisema ni wa koma, roho za wazee wetu waliokufa. Hurudi na kiu, na wakikuta mtungi mkavu huingia ndani wakamchukua mdogo wa nyumba. Niliamini. Lakini asubuhi ile foleni ya kisimani ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na sare ya shule ya kufua.

"Kadzo, maji ya wenyewe yamekwenda wapi?"

"Labda wameyanywa, Hawe."

"Ehee. Na ile sare kwenye kamba ni ya marehemu babu yako?"

Alinipa dumu. Nilikwenda kisimani mara mbili, nikilia njia nzima. Dumu la pili nilimimina saa saba na kitu. Baadaye kidogo upepo ukarusha cheche kutoka jikoni.

Hawe hakupiga kelele. Alichovya leso yake mtungini, akajifunika kichwa na mabega, akaingia. Mimi nilisimama uani nikijua jambo moja: koma wamemfuata Karisa kwa sababu yangu.

Alitoka naye kifuani, leso ikifuka mvuke. Nyumba hatukuiokoa. Majirani walifika na ndoo makuti yakiwa yameshaanguka.

Kesho yake, kabla hatujazoa majivu, Hawe alinituma kujaza mtungi. Sikumwuliza kama mwenyewe aliamini. Mtoto humwogopa koma kuliko moto ambao hajauona, na mtungi ulikuwa umejaa.

Siku hizi, kwangu Barani, nina paa la bati na maji ya bomba, na bomba hukauka. Dumu lililojaa liko mlangoni, leso msumarini juu yake. Wanangu wanajua mlango wa pili na mahali pa kukutana nje. Nimewaambia pia dumu ni la nani. Hawaligusi.

Karisa haukumbuki moto ule. Amepanga chumba Mtwapa, ana binti wa miaka miwili. "Dada, wewe na koma wako!" hunicheka kila nikimwuliza kama ameweka maji mlangoni.

Jana alinitumia picha ya mlango wake, bila maneno. Ndoo ilikuwa imejaa.