Mwalimu wa Basketi Haruhusiwi Kusalimia

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama migomba baada ya upepo, na kuna maneno niliyoyaandika namna mbili katika ukurasa mmoja kwa sababu sikujua ipi ni ya kweli. Niliishia darasa la sita la msingi. Ninaandika polepole: ukurasa huu wa kwanza nimeuanza baada ya misa ya asubuhi, na sasa maharagwe yameiva. Lakini kusema kunanishinda zaidi. Kwa mdomo nisingewaeleza hata nusu.

Mimi ni msichana mrefu. Nalitaja mapema kwa sababu bila urefu huo hakuna kitu ambacho kingetokea. Kuingia nyumbani kwetu, hapa Nyantende, lazima niiname. Na nina haya. Si haya ya wasichana wanaoficha macho huku wakicheka. Ya kwangu inafunga koo. Mgeni akiniuliza jina, jina langu linakwenda mahali nisipopajua, nami ninabaki nimesimama nikilingoja. Baba alikuwa akisema kwamba shule za mbele ni za watu wenye mdomo, na ndiyo maana nilipopata cheti cha darasa la sita nilirudi shambani. Nikakaa miaka miwili. Kila Septemba, wasichana walipopita na masanduku yao ya bati wakienda kwenye lisé za Bukavu, shule za sekondari za bweni, mimi nilikwenda kulima upande wa pili wa kilima ili nisiwaone.

Yote yalianza na kabeji. Siku za soko lori lilisimama chini ya shamba letu kupakia kabeji za kupeleka Kadutu, mjini Bukavu. Wengine walizipandisha kwa vikapu. Mimi nilizirusha. Mpokeaji alisimama juu ya lori na hakuhitaji kusogeza mikono, kila kabeji ilimfikia kifuani. Siku moja alikuwa anawasha sigara, nikaona nisimsumbue, nikairusha kabeji juu ya kichwa chake ikaingia katika kikapu nyuma yake. Kulikuwa na bwana wa mjini ameketi mbele pamoja na dereva. Akashuka, akatazama kikapu, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni kwenda juu, na hilo lilimchukua muda. Hakusema kitu. Akaandika katika daftari.

Jumapili iliyofuata alikuja na baiskeli, amevaa abakosti, koti la kijivu lililofungwa hadi shingoni, akaketi juu ya jiwe nje ya ua wetu. Hakutusalimia.

Ninyi wa mbali labda hamjui uzito wa jambo hilo. Kwetu, mtu asiyesalimia ana sababu, na sababu hiyo si nzuri. Hata watu wenye kesi ya mpaka wa shamba wanasalimiana vizuri kabla ya kutukanana.

“Ule mutu iko na nini na siye?” mama aliuliza.

“Labda iko bubu,” baba akasema.

“Bubu anasalimiaka na mukono.”

Jumapili ya tatu baba aliteremka hadi kwenye jiwe, akamwita “mwananchi” kwa namna ya serikali. “Jambo, sitwayen. Unatafuta nani?” Yule bwana akasimama kwa heshima, akavua kofia, akatoa karatasi mfukoni, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kisha akaketi tena.

Baba hasomi Kifaransa. Lakini alikuwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua, katika shamba la kinini kwa miaka mingi, na karatasi yenye muhuri anaishika kwa mikono miwili. Hii ilikuwa na mihuri miwili. Akaileta. “Soma.”

Nilisoma nikiwa ndani ya jiko, mlango umefungwa, kwa sababu bila kuona uso wa mtu ninaweza kusoma. Nilichukua Kifaransa kipande kwa kipande na kukiweka katika Kiswahili. Ilikuwa sheria ya kamati ya basketi, mpira wa kikapu, ya mashule, na sababu yake ilielezwa humo humo. Mwaka uliopita, kule Walungu, walimu watatu wa basketi walimfuata msichana mmoja. Wa kwanza alimletea baba yake mbuzi, wa pili mbuzi wawili, wa tatu ng'ombe. Mwishowe msichana alibaki nyumbani, kwa sababu baba yake alikuwa anamngoja mwalimu wa nne.

Kwa hiyo kamati iliamua hivi. Mwalimu anayemtaka msichana kwa timu ya shule yake anaruhusiwa kumtazama kadiri apendavyo, lakini akiwa nje ya nyumba asiseme neno lolote, si kwa msichana wala kwa wazazi, hata salamu. Anaruhusiwa kuingia nyumbani mara moja tu, kwa saa moja, na yote aliyo nayo ayaseme ndani ya saa hiyo. Asitoe kitu, asipokee kitu. Na kabla ya saa hiyo kwisha, msichana mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme mbele ya mzazi na mwalimu kwamba anakubali. Akisema, shule itampa kitanda, chakula na masomo. Asiposema, mwalimu asirudi kuomba tena.

“Rudilia pale pa mudomo,” baba alisema nje ya mlango.

Nikarudia.

“Hii ni sheria muzuri,” akasema. “Basi na mimi nasema vile vile. Akisema na mudomo wake, ataenda. Asiposema, hakutaka. Mutu asimusemee, hata mama yake.”

Nilibaki jikoni hadi moto ukazimika. Miaka miwili nililala nikiwaza masanduku ya bati. Sasa kati yangu na shule palikuwa na neno moja, na neno hilo lilipaswa kutoka kwangu, mbele ya watu.

Tangu siku hiyo baba akawa kamati. Alitoa sandukuni saa yake ya mkono ya ukapita akaitia ufunguo kila asubuhi. Siku moja mwalimu alipiga chafya kwenye jiwe lake, mama akamwambia “afya,” naye akajibu “asante, maman.” Baba akasimama. “Umesema.” Mwalimu akafunika mdomo kwa mikono yote miwili na kumtazama kama mtoto aliyevunja sahani. Baba alifikiri muda mrefu, kisha akamsamehe, akisema kwamba chafya ndiyo iliyoanza.

Baadaye akaja mwalimu wa pili, mwanamke, kutoka lisé nyingine. Alivaa viatu vya mpira, na mpira wenyewe alikuwa ameubeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Yeye pia hakusalimia. Akachukua jiwe la pili. Wala hawakusalimiana wao kwa wao, ingawa karatasi haikuwakataza. Nadhani walikuwa wameshazoea.

Majirani wakaogopa. Watu wawili wa mjini, wameketi kimya, wanaandika katika daftari: kila mtu alijua hao ni watu wa nani. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, wote walitoka kabla ya kuitwa. Kilima chetu hakijawahi kufagiliwa hivyo. Mzee mmoja jirani alipaka chokaa mti wa mparachichi, mpaka leo sijui kwa nini. Wengine walikuja kutupa pole.

“Muko na kesi gani na serikali?”

“Hakuna kesi,” baba aliwajibu. “Wanamuangalia binti yangu namna anatupa kabeji.”

Wakaenda zao wakiamini tunawaficha jambo.

Kila mwalimu alikuwa anangoja siku nzuri ya kutumia saa yake. Mvua ndiyo iliyomchagulia yule bwana. Ilinyesha Jumapili mchana kwa nguvu, na mama hakuvumilia kuona wageni wanalowa.

“Baingie, basi.”

“Wakiingia, saa zao zinaanza,” baba alisema.

“Basimame hata chini ya paa, inje ya mulango.”

Swali likawa: je, chini ya paa ni nyumbani au ni nje? Baba hakutaka kumwonea mtu. Alichukua jembe, akachora mstari pale matone ya paa yanapoanguka, akatangaza kwamba upande wa ukuta ni nyumbani na upande wa pili ni nje. Walimu wakaja wakasimama nje ya mstari, yaani mahali ambapo maji ya paa lote yaliwashukia kichwani. Mwanamke alikata jani la mgomba akajifunika. Bwana hakuwa na jani. Akarudi nyuma kidogo, nusu hatua.

“Kisigino,” baba alisema.

Bwana akaruka mbele, akateleza, akarudi kinyumenyume na kuangukia ndani ya nyumba yetu chali. Baba akatazama saa ya mkono.

“Karibu, sitwayen. Saa yako imeanza.”

Akiwa bado chini, alitusalimia. Alikuwa na salamu za Jumapili sita, akazitoa zote: tulivyoamka, mashamba, kuku, wagonjwa. Zilichukua dakika kumi, na mama akaanza kumpenda. Akamletea chai, alikataa, kwa sababu ya sheria. Akamletea kitambaa cha kujifuta. Mwalimu akamtazama baba, baba akasema kitambaa ni kitu. Basi akasema huku maji yakimtiririka puani. Alisema vizuri. Alieleza kitanda chenye godoro, samaki kila Ijumaa, viatu, uwanja wa simenti, somo la jiografia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nilikubali tangu godoro.

Baba akaniita. Nikatoka, nikasimama, wote wakainua macho.

“Sema ‘ndiyo’ tu, binti yangu,” mwalimu alisema. “Ni neno fupi.”

Nikafungua mdomo. Neno likaenda kule linakoendaga jina langu. Nikakimbia kuchukua daftari langu la zamani na kalamu, nikaanza kuandika. Mwalimu akapiga magoti kando ya meza, “andika, andika,” lakini baba akasema, “Na mudomo,” na hata bila hivyo nisingewahi. Nilikuwa nimefika “nina” tu.

“Dakika makumi sita,” baba alisema.

Mwalimu alikuwa katikati ya neno. Akaliacha hapo hapo, akainamisha kichwa, akarudi kwenye jiwe lake katika mvua. Kutazama bado kuliruhusiwa.

Siku ile sikula. Baba aliketi mlangoni. “Si umeona?” alisema, lakini hakuonekana mtu aliyeshinda.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mwanamke akaingia. Alisalimia kwa kifupi na vizuri, akaketi mkekani karibu nami nilipokuwa nachagua maharagwe. Akaweka mpira katikati ya miguu yake, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchagua naye. Hakusema kitu.

Robo saa ikapita. Baba akakohoa. “Sitwayen, robo imeisha.”

“Nimesikia, papa.”

Akatoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akaliweka pembeni. Mama akajaribu kumsaidia. “Kwenu kule, kitanda kiko?”

“Kiko, maman.”

“Na chakula?”

“Kiko.”

Hapo akanyamaza tena. Nusu saa. Baba alisimama, akaketi, akasimama. Alikuwa amekuja na saa yake kumhukumu mtu, na hapakuwa na wa kumhukumu. Ilipobaki robo, alishindwa kabisa. “Kama yeye hasemi, nitasema mimi,” akasema, na akaanza kunieleza godoro. Akanieleza samaki. Alikuwa ameshika kila neno la yule bwana, hata jiografia, na akaongeza yake. “Kila Ijumaa, samaki! Na viatu, na simenti. Utajua mito yote ya Zaïre. Dakika tano. Mutoto wangu, sema. Funga macho useme. Geukia ukuta useme. Dakika mbili. Sema tu, mimi sitakuangalia, ona, nimegeuka, sema—”

Sauti yake ilijaza nyumba yote, pasibaki hata pembe ya kuweka sauti yangu.

“Papa,” nilisema, “nyamaza kidogo.”

Mama akashika mdomo. Kamwe sikuwahi kusema hivyo kwa baba, na kamwe sikuwahi kusema lolote mbele ya mgeni. Baba alibaki amegeukia ukuta. Mwanamke alishikilia haragwe moja hewani. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa tayari wazi, nikaongeza: “Nitaenda na huyu maman.”

Baba akageuka, akatazama saa ya mkono. Mimi ni mrefu, niliiona juu ya bega lake. Mshale ulikuwa umepita mwisho wa saa ya mwalimu kwa dakika mbili, na ulikuwa unatembea. Baba akaufunika kwa kiganja.

“Saa yangu imesimama,” alisema. “Tangu wakati gani, sijui.”

Na huyu ndiye aliyehesabu kisigino.

Nje, yule bwana alikuwa amesimama karibu na ua. Yeye pia alikuwa na saa, ameishika mkononi, na alikuwa amesikia yote. Akafungua mdomo. Baba akaichukua ile karatasi, akatoka nayo hadi kwake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, ule wa kutosema neno nje ya nyumba. Mwalimu aliusoma kama asiyewahi kuuona. Akafunga mdomo, akavaa kofia, akashika baiskeli. Kabla ya kuondoka aliniangalia, akainua mkono wa kuume na kuukunja kifundo polepole, kama mtu anayerusha mpira. Hilo karatasi haikulikataza.

Mwanamke naye aliondoka na mpira wake, kwa kuwa kutoa kitu ni marufuku. Ninafanya mazoezi na kabeji. Mama ameshapata sanduku la bati, limebonyea upande mmoja, na nimelala nalo karibu na kichwa wiki hii nzima.

Shule zinafunguliwa karibuni. Nasikia kule wanakula kwenye meza ndefu, na chumvi iko mbali. Baba anasema nitaiomba kwa mdomo ule ule nilioutumia kumnyamazisha yeye. Mimi sina hakika. Kwa hiyo ninyi mliosoma hadi hapa, nawaomba mniandikie, hasa kama mliwahi kulala shuleni. Nielezeni mliombaje chumvi siku ya kwanza. Andikeni kwa herufi kubwa, na msiharakishe. Mimi pia kujibu kutanichukua muda.