Kura ya Golikipa Sumaku

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha unisikilize. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya. Sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Wapo wazee hapa Kalemie waliokuwa ndani ya nyumba ile jioni ile. Ukiwauliza watainamisha kichwa na kuanza kuzungumza habari za bei ya samaki. Basi nitakuambia mimi.

Wakati huo mji bado unaitwa Albertville. Mume wangu, Kisimba, alikuwa mashinisti, anaendesha treni kwenda Kongolo na kurudi. Jumapili akiwa hana zamu alikwenda kwa rafiki yake Papa Feruzi, mtu wa stesheni, kucheza ligi. Usifikiri ni mpira wa uwanjani. Wanaume wazima, wenye ndevu, walizunguka meza na kucheza mpira kwa dadu. Kila mmoja alikuwa na timu yake ya vizibo vya chupa, kila kizibo kina jina lake, na dadu ndizo zilizoamua nani kafunga na nani kavunjika mguu. Walinuniana kwa ajili ya vizibo, niamini. Kuna jioni mume wangu alikataa chakula changu kwa sababu beki wake amejifunga.

Vizibo navyo vilizeeka. Kila kiangazi kilihesabiwa mwaka, na mchezaji aliyemaliza miaka yake aliondolewa. Lakini kama alikuwa mkubwa kweli, alipigiwa kura. Akipita, alipigiliwa msumari kwenye ubao uliotundikwa juu ya meza, akabaki pale na wakubwa wenzake, asicheze tena. Kila mtu alitia punje moja ndani ya kopo, haragwe kama anakubali, muhindi kama anakataa, na muhindi mmoja tu ulitosha kumwangusha. Mwenye mchezaji hakukaa ndani wakati wa kura. Alitoka barazani, akakalia kazie tupu ya bia, lile kasha la mbao la chupa, akaupa mlango mgongo. Hakuruhusiwa kugeuka wala kuingia mpaka aitwe kwa jina. Mimi niliwacheka kwa hilo, lakini lilikuwa na maana yake: kesho watu hao hao wanaunganisha mabehewa pamoja, na si vizuri mtu ausome uso wa aliyemtilia muhindi.

Kipenzi cha mume wangu kilikuwa golikipa, jina lake Sumaku. Asubuhi ya safari yake ya mwisho Kisimba alikipaka kizibo kile mafuta kisishike kutu, akakirudisha kwenye kopo la vizibo pamoja na wenzake, akanipa kopo mkononi.

"Uniangalishie hawa batoto, Mama," aliniambia.

Sisi hatukujaliwa watoto, kwa hiyo nilijua anatania nusu tu.

Miaka ile ilikuwa ya vita, wewe mwenyewe umesikia. Treni ile ilikwenda na haikurudi. Nilikwenda stesheni mpaka nikawachosha. Mmoja aliniambia reli imekatwa mbele, mwingine aliniambia watu walikimbilia porini, wa tatu aliangalia viatu vyake tu. Maiti hakuna, barua hakuna. Ndugu zake walitaka tukae matanga, nikawafukuza nyumbani kwangu. Utamlilia vipi mtu ambaye pengine yuko njiani anarudi? Kila jioni nilimwekea ugali wake, nikaufunika.

Na vizibo? Nilivibeba Jumapili nikaenda kwa Papa Feruzi, nikakaa kwenye kiti cha mume wangu, nikachukua dadu. Mara ya kwanza walicheka. Halafu waliuona uso wangu, wakanipa zamu yangu. Nikawa nacheza kila Jumapili. Sumaku alimaliza miaka yake mikononi mwangu, nami nikaendelea kumpanga golini. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa watu wema wale.

Mpaka kiangazi cha pili. Siku hiyo Papa Feruzi alisubiri mchezo uishe, taa imeshawashwa, akaniambia taratibu kwamba wamefikiri. Wangependa kumpigia Sumaku kura. Ingekuwa heshima kwa rafiki yao.

Nilielewa vizuri wanachoniomba. Mchezaji anawekwa ubaoni kwa idhini ya mwenye timu. Kama mimi ndiye wa kutoa idhini, basi mwenyewe hayupo tena duniani. Niliwaambia Kisimba atarudi aseme kwa mdomo wake. Papa Feruzi akaanza, "Mama Kisimba, sisi tunakuonea huruma..." Sikumwacha amalize. Nilisimama na hasira zangu nikatoka nje nipate hewa.

Kwenye kazie ya bia palikuwa na mtu amekaa.

Alikuwa ameupa mlango mgongo, anaangalia upande wa ziwa. Nilifikiri ni mtu wa jirani, nikataka kumpita. Halafu mwanga wa taa ukampiga shingoni, nikaliona lile kovu alilounguzwa na mvuke wa injini. Nililipaka kovu lile mafuta ya mawese usiku mwingi, siwezi kulikosea. Nilisikia harufu ya makaa na nguo zenye jasho. Kofia ya kazi ilikuwa juu ya goti lake, kama kawaida yake.

"Bado hawajaniita?" akauliza. Sauti yake kabisa, ile ya kutoka zamu.

Nilimwambia, "Papa, ingia ndani." Hata sijui maneno yalitoka wapi.

"Nitaingia namna gani na bado kuitwa? Sheria njo ile." Akaigeuza kofia gotini. "Kila siku ya Mungu nakuya, nakaa hapa. Nasikia munacheka, nasikia dadu. Hakuna muntu anaita jina yangu. Nimechoka, Mama."

Sasa nisikilize vizuri. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilishikwa na furaha! Niliwaza hivi: kinachomzuia ni kura tu. Kura ikipita ataitwa, akiitwa ataingia, akiingia nitamfunulia ugali wake. Unanilaumu? Wewe ungewaza nini?

Nikakimbia ndani. Nikawaambia wapige kura sasa hivi. Papa Feruzi akanikumbusha kwa upole kwamba mwenye mchezaji hukaa nje. Nikamjibu kwamba mwenye mchezaji yuko nje. Wakatazamana, wakadhani uchungu umenipanda kichwani, lakini kopo likazunguka. Nami nilitia haragwe langu. Papa Feruzi akamwaga kopo mezani. Yalikuwa maharagwe matupu.

"Ita jina," nikamwambia.

Hakutaka. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu. Nikamwambia tena, ndipo akageukia mlango akaita kama alivyoita siku zote:

"Kisimba. Wamemupitisha."

Na sisi sote tuliokuwa mezani tulisikia kazie ikilia kama inavyolia mtu mzito anapoinuka. Nilisimama nimpokee. Nikasikia mtu anavuta pumzi ndefu, kama anayevua viatu baada ya kazi. Halafu viatu vyake vikatembea. Havikuja mlangoni. Vilishuka barazani, vikaenda polepole upande wa reli, mpaka upepo wa ziwa ukavimeza.

Nilitoka mbio. Hapakuwa na mtu. Nilipoiwekea mkono ile kazie, mbao zake zilikuwa na joto.

Msumari niliupigilia mwenyewe. Mwenye mchezaji ndiye anayepigilia. Kesho yake niliwaita ndugu zake, nikanyoa nywele, tukakaa matanga. Habari za treni ile sijazipata hadi leo, na siziulizi. Papa Feruzi aliiacha kazie palepale mpaka alipohama, na hakuna aliyeikalia tena. Ligi ilikufa. Ubao ninao mimi, na Jumapili jioni huwa napaka mafuta kile kizibo. Ugali siweki tena.

Wewe unayenisikiliza, pengine nawe una mtu aliyekwenda na hakurudi, na jina lake hamlitaji nyumbani. Liteni. Msimwache anakaa nje Jumapili hadi Jumapili. Lakini siku utakayomkuta amekaa amekupa mgongo, usifanye haraka kama mimi. Zunguka kwanza, umwangalie usoni mpaka ushibe. Mimi nilikuwa na hakika kwamba anaingia. Nilipita nyuma yake mbio, na uso wake sikuuona.